Makaa ya Lar Brophy

Lar Brophy aliuza baiskeli yake siku ya mnada wa ng'ombe, akapanda basi kwenda mjini Kilkenny kununua filimbi. Baiskeli haikuwa na kazi tena. Tangu kifua kianze kumbana, mlima wa kutoka kanisani hadi nyumbani aliupanda kidogo kidogo, akisimama kila penye ukuta wa kuegemea. Filimbi aliyokuwa nayo ilikuwa ya bati, ya kuuzwa dukani pamoja na peremende, na kutu ilikuwa ikimkwaruza midomo. Maisha yake yote alitaka moja nzuri. Kwa mtu aliyezeekea chini ya ardhi, amelala ubavu kwenye upenyo usiozidi kimo cha meza, akiwachimbia wengine makaa ya mawe, haikuwa tamaa kubwa.

Fundi wa filimbi aliitwa Tobin. Alimpa moja ya shaba, nzito mkononi, matundu yake sita yamesuguliwa yakawa laini.

"Hii haipulizwi kwa mashavu, bwana," Tobin alisema. "Ile ya bati hata ukiipumulia tu inalia. Hii inataka pumzi ya chini kabisa."

"Kule chini kwangu kumejaa."

"Basi punguza."

Jioni ile Lar aliketi karibu na jiko akapiga wimbo wa polepole, ule wa maziko. Nonie, mkewe, alikuwa akimenya viazi. Sauti ilitoka pana na safi, naye akaacha kisu akasikiliza. Halafu kwenye ncha ya filimbi likaanza kudondoka vumbi jeusi la makaa, laini kama unga uliochekechwa. Wimbo ulipokwisha palikuwa na kichuguu kati ya viatu vya Lar, naye alivuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta kwa miaka.

"Unanichafulia sakafu," Nonie alisema.

"Yametoka yenyewe."

Nonie alichovya kidole, akayasugua. "Si mabaya haya. Mwaka mzima nanunua, kumbe tunayo ndani."

Katika vilima vile hakuna anayetupa vumbi la makaa. Huchanganywa na udongo wa njano na maji, likakanyagwa kwa miguu, likafinyangwa madonge ya kuwekwa motoni, na donge moja likishika halizimiki mpaka asubuhi. Kukanyaga ni kazi ya kuchezewa muziki, la sivyo miguu huchoka upesi. Kwa hiyo Nonie alivua viatu. Dinny, mtoto wao wa pekee, jitu la mabega mapana ambalo nalo lilishaanza kazi mgodini, alileta udongo kwa toroli. Lar akapiga wimbo wa haraka, vumbi likamwagika, nao wakalikanyaga wakicheza papo hapo. Nyumba ile ilipata joto majira yote ya baridi kutoka kifuani mwa baba mwenye nyumba.

Bridie Kealy, jirani yao mjane, alikuja kuazima chumvi akasimama mlangoni akitazama.

"Wangu alizikwa na yake yote ndani," alisema. "Ningejua, ningemnunulia filimbi."

Alichokitaka Lar si joto. Alitaka Dinny aondoke. Kijana alikuwa na nafasi ya kazi Uingereza, kujenga barabara, juu ya ardhi penye hewa. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni ya mgodi, na kampuni humwacha mjane ndani kwa sharti moja kati ya mawili: ama daktari wa mgodi akiri kwamba vumbi ndilo lililomuua mumewe, ama mtu wa ukoo ule aendelee kushuka chini. Daktari huyo, Hyland, alikuwa amempima Lar mara kadhaa na kila mara alisema ni kikohozi cha sigara. Lar hakuwahi kuvuta.

Nonie alijaza ndoo akampelekea. Daktari alikoroga kwa penseli, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Makaa mazuri sana haya, mama."

"Yametoka kifuani mwa mume wangu."

"Kifuani mwa mumeo hamna makaa. Nimempima mwenyewe."

"Sasa haya ni nini, uji?"

"Haya ni makaa. Nazungumzia kifua."

Haukupita muda, meneja wa mgodi, Bwana Ashmore, akaja na lori na wanaume wawili wenye sepetu. Alivua kofia mlangoni, maana alikuwa mtu wa adabu, akaeleza kwamba makaa yote ya mlima ule ni mali ya kampuni, na Lar alikuwa akiyatoa mgodini bila ruhusa miaka nenda miaka rudi.

"Kwa hiyo unakubali yametoka mgodini?" Nonie aliuliza.

"Makaa yametoka mgodini, mama. Ugonjwa haukutoka mgodini."

Wale wanaume wawili, ambao wote walikuwa wakikohoa, walichota vumbi lote lililohifadhiwa bandani, banda likabaki jeupe. Madonge yaliyokwisha kufinyangwa waliyaacha, kwa sababu udongo haukuwa wa kampuni. Lar aliketi ndani, filimbi magotini, akamwambia Dinny, "Nenda tu, mwanangu. Usiningoje."

"Na mama alale wapi, baba? Barabarani?"

Lar akaipandisha filimbi mdomoni.

Mwisho wa Machi vumbi lilikwisha, na Lar akaisha nalo. Inaonekana hakukuwa na kingine kilichokuwa kikimshikilia. Walipomwinua kumweka jenezani alikuwa mwepesi, na Bridie Kealy akasema heri yake, atapanda mbinguni haraka. Usiku wa kukesha na maiti walichoma madonge yake mwenyewe. Bwana Ashmore alikuja kutoa pole, akaota moto, akausifu. Kisha akamwambia Nonie asiwe na wasiwasi juu ya nyumba. Kijana si yupo?

Kijana alikuwepo. Nafasi ya Uingereza ilichukuliwa na mtoto wa watu wengine.

Jumapili baada ya misa Dinny aliishusha filimbi kutoka juu ya kabati, akaifuta kwa shati. Hakuwa na mkono wa baba yake, lakini alikuwa na pumzi, nyingi, ya kijana, nayo ilifika chini kabisa. Alipiga wimbo ule wa haraka wa kukanyagia. Nonie akageukia dirishani ili mwanawe asiuone uso wake, na kwa muda akasikia muziki tu.

Wimbo ulipokwisha aligeuka. Kati ya viatu vya Dinny palikuwa na vumbi, kidogo tu, la kujaza kijiko.

Dinny aliliangalia. "Bado ni kidogo, mama."

"Litaongezeka," Nonie alisema, akaenda kuleta ndoo.