Dawa ya Mfalme Biringanya

Kila bustani humpata mfalme inayemvumilia. Ile ninayoisimulia ilimvumilia Biringanya, bwana mkubwa wa tumbo linalong'aa, aliyezaliwa na kofia kichwani akadai ni taji. Waziri wake alikuwa Pilipili Hoho. Ukimpasua Hoho hukuti kitu ndani ila upepo na vijimbegu. Debe tupu, nanyi mnajua linavyovuma.

Kazi zilifanywa na wengine. Chini ya ardhi aliishi Kuvu, mwenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, alizozifunga kwenye mizizi ya kila raia. Mizizi ilipokomea, nyuzi zake ziliendelea. Zilileta maji na rutuba kutoka mbali, naye akapewa sukari kidogo ya kula. Juu ya ardhi walilinda Buibui na Mbawakawa wa madoadoa, ambao chakula chao ni Vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao majani. Hawa wote hakuna aliyewahi kuwaimbia wimbo.

Vidukari ndio walioimba. Walijibanza chini ya majani ya Mfalme, mdomo kwenye mshipa wake, wakimfyonza mchana kutwa na kumtolea nyuma utamu unaonata. Biringanya, maskini wa akili, aliuita asali ya mapenzi. Hakujiuliza utamu ule umetoka mwilini mwa nani.

Walipozidi kuzaana, wakamwagikia vitaluni. Miche michanga ya Mama Mchicha ilianza kujikunja majani. Mama huyo alikwenda barazani akapiga magoti, akaomba jambo moja tu ili wanawe wapone: Buibui na Mbawakawa waruhusiwe kupanda hadi kwenye majani ya ikulu, maana huko ndiko Vidukari wanakozaliana.

Baraza lilicheka. Kidukari Mkuu akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye hana neno, ila inamuuma kuona wenye miguu minane wakitaka kumkanyaga Mtukufu. Hoho akadakia kwamba mdudu ni mdudu, hakuna wa kulinda wala wa kuharibu. Na huyo Kuvu, jina lake tu linanuka mkate wa juzi.

"Nchi hii inahitaji dawa," alisema Hoho.

"Iletwe," alisema Mfalme. "Lakini isinirukie mimi. Majani yangu yana wageni."

Mbiu ilipopigwa kwamba serikali inaleta dawa, raia walipiga vigelegele. Mgonjwa akisikia dawa, husikia kupona. Hakuna aliyeuliza kama ni ya kutibu au ya kuua, kwa kuwa lugha yetu, kwa ukarimu wake, imeyapa yote mawili jina moja. Mama Mchicha mwenyewe aliwasogeza wanawe mbele wapate ya kutosha. Wengine nawacheka, yeye nashindwa kumcheka.

Dawa ikanyunyizwa, ikamwagwa hadi udongoni. Buibui wakakaukia kwenye tando zao. Mbawakawa wakaanguka chali. Kuvu akakatika uzi kwa uzi, bila kelele. Jua kali lilipokuja, miche ya Mama Mchicha, yenye vimizizi vifupi visivyofika popote, ikalala mmoja mmoja mbele ya macho yake.

Kisha kiu ikafika ikulu. Biringanya akaamuru maji. Hoho akaipeleka amri chini kwa sauti yake yote, na chini hapakuwa na wa kuipokea. Mfalme, ngozi imemkunjamana, akamwita Mama Mchicha na kumwuliza kwa nini raia wamekuwa wachoyo.

"Aliyekuwa akikuletea maji ulimpa dawa, Mtukufu," alijibu Mama Mchicha. "Na wanangu ukawapa hiyo hiyo."

Mfalme alianguka adhuhuri. Alimwangukia Waziri wake, naye akapasuka kwa mlio mkubwa uliokuwa hotuba yake ya mwisho na fupi kuliko zote. Vidukari hawakungoja matanga. Wana desturi yao: shina likikauka, wao huota mabawa. Waliruka jioni ile hadi bustani ya jirani, na nasikia wamepokewa kwa heshima zote.