Vazi Lililokataa Kuketi

Mwaka wa 1951 mimi, Warigia, nilikaribia kukosa mume kwa sababu ya mbwa. Mbwa wa jirani yetu kule Gitothua, Ruiru, aliingia nyumbani kwa nyanya yangu, cucu Gathoni, akala vazi lake la ngozi, akabakisha shanga. Cucu alikuwa mtu wa mwisho kwetu kuvaa ngozi. Nguo za pamba alizidharau, akisema upepo ukivuma kidogo tu mtu anabaki uchi mbele ya wakwe.

Basi Zacharia alipokuja kuniposa, cucu hakumuuliza dini wala mshahara. Alisema anayetaka kumchukua mjukuu wake amvike yeye kwanza, ngozi za mbuzi, alizotengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na bila cucu kumtemea mchumba wangu mate kifuani, ambayo ndiyo baraka ya kwetu, hakuna mjomba angenikabidhi kwa mume hata mchungaji akitufungisha ndoa mara tatu. Na mchungaji mwenyewe alifika Ruiru mara mbili tu kwa mwaka. Tulikuwa na wiki nne kabla ya kuja kwake. Tukizikosa, ni kungoja miezi sita, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, umri ambao shangazi zangu waliutaja kwa sauti ya matanga.

Zacharia alikuwa karani katika kiwanda cha Thika kilichochemsha magome ya miti ya miwati kupata dawa ya kutengenezea ngozi. Nilimpenda, sitaficha, lakini alikuwa mtu wa kufuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Kwanza alijaribu kumletea cucu blanketi. Cucu alishukuru sana, akamfunika nalo kuku aliyekuwa akilalia mayai.

Jumamosi iliyofuata alishuka kwenye gari la moshi akiwa na ngozi tatu mbichi begani na tai shingoni. Cucu alimwelekeza kazi kwa maneno tu, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda. Ngozi zililowekwa katika maji ya majivu wiki nzima mpaka manyoya yakalegea. Jumamosi ya pili Zacharia alizitandika juu ya gogo, akakwangua manyoya upande mmoja na mafuta upande wa pili, na kila alipopumzika cucu alimuuliza kama kule ofisini pia watu hulala saa hizo. Harufu yake siwezi kuieleza kwa watu wanaokula. Jioni hiyo, kwenye gari la kurudi Thika, karani wangu alipata benchi nzima peke yake.

Baada ya majivu ikaja zamu ya magome. Hapo cucu alikuwa mkali zaidi. Alisema wiki ya kwanza maji ya magome yawe mepesi, chai ya mtu asiye na majani; wiki ya pili yakolee; wiki ya tatu ndipo yawe meusi. Ngozi hunywa kidogo kidogo, alisema, na ukiilazimisha hufunga mdomo. Mwishoni ingepakwa mafuta ya mbarika na kusuguliwa siku nyingi mpaka ilegee.

Zacharia akapiga hesabu za kikarani. Wiki moja ya majivu, tatu za magome, na harusi hiyo imefika. Mafuta yatapakwa lini, na vazi litashonwa na nani? Rafiki yake Omondi, mtu wa Kisumu ambaye ndiye angemsimamia kanisani, alikuwa mchemshaji wa magome kiwandani. Omondi alishangaa tunahangaika na nini. Yeye kila siku alikuwa akipakua dawa ya magome iliyochemshwa ikawa nzito kama uji, na dawa hiyo, alisema, ilikuwa ikisafirishwa hadi Ulaya. Je, Wazungu wanaoiagiza ni wajinga?

Jumamosi ya tatu, cucu akiwa shambani, Zacharia alimimina debe zima la dawa hiyo ndani ya mtungi uliolowekwa ngozi. Nilimwona, na nilikuwa nimemsikia cucu kwa masikio yangu mawili. Nikanyamaza. Nilitaka kuolewa.

Siku mbili hazikuisha ngozi zikawa na rangi nzuri ya kahawia, na Zacharia akatembea kwa maringo. Lakini tulipozitoa na kuzipaka mafuta, mafuta yaliteleza yakaanguka chini. Dawa ilikuwa imeziba nje kabla ya kufika ndani. Tulisugua, tukakanyaga, tukavuta, na jua likazidi kuzikausha. Omondi alitoboa matundu ya kushonea kwa msumari na nyundo. Ijumaa mchana, siku moja kabla ya harusi, vazi lilikuwa tayari. Tuliliweka uani likasimama lenyewe. Mbuzi wa jirani aliliona akakata kamba.

Omondi alisema dawa ilikuwa moja: tulifukie, halafu tumwambie cucu yule mbwa amerudi. Mimi nilikubali mara moja, naona aibu kulisema. Zacharia alifungua tai akaitia mfukoni, akajitwika vazi kichwani kama mtu anayebeba bati, akaenda mpaka mlangoni kwa cucu. Nilimfuata.

“Cucu,” alisema, “nilikuwa na haraka. Nilitia dawa kali kabla ya wakati. Nimeliharibu, na kosa ni langu peke yangu.”

Cucu aliligonga vazi kwa kifundo cha kidole. Lililia kama mlango. Akalizunguka, akaligonga tena, kisha akaliburura ndani na kufunga nyumba. Nilirudi kwa mama nikilia, nikijua miezi sita imeanza.

Kesho yake tulikuwa kanisani tukimngoja mchungaji aanze, tukasikia nje ko, ko, ko. Cucu alikuwa amelivaa. Mlangoni alisimama Simeon, katekista, aliyekuwa amefundisha miaka kumi kwamba ngozi haziingii nyumba ya Bwana, na akaanza kumweleza hivyo. Cucu alitazama Biblia ya katekista yenye jalada jeusi la ngozi.

“Na hicho kitabu chako,” alimuuliza, “kimevaa pamba?”

Simeon akampisha. Cucu alifika benchi la mbele, akajaribu kuketi, vazi likapanda mpaka masikioni. Akajaribu kwa ubavu, likapiga benchi. Akaamua kusimama. Sasa kwetu mzee wa umri ule akisimama, nani ataketi? Wanawake wa nyuma yake waliinuka, kisha wazee, kisha kanisa zima mpaka watoto. Mchungaji, aliyekuwa mgeni, aliona watu mia mbili wamesimama bila kuambiwa, machozi yakamlengalenga. Mahubiri ya robo saa akayafanya ya saa nzima. Mimi nilikuwa katika viatu vya kuazima vilivyonibana, nikamchukia mbwa, nikamchukia Omondi, na nusura nimchukie bwana harusi.

Tulipotoka nje, ndoa ya kanisa ilikuwa imekwisha na ile ya kwetu bado. Mjomba alikuwa amenishika mkono na hakuonyesha dalili ya kuuachilia. Cucu alikuja, ko, ko, ko, watu wakampisha. Zacharia alimwambia kwamba angeanza upya Jumatatu, kwa maji mepesi, na safari hii angengoja hata mwaka mzima.

“Usianze nyingine,” cucu alisema. Kisha akanigeukia mimi, si yeye. “Ya kwanza aliyonitengenezea mume wangu Ndung'u ilikuwa ngumu kuliko hii. Mwezi mzima nilipika nimesimama. Ililainika kwa kuvaliwa. Na yeye pia.”

Mjomba aliuachilia mkono wangu. Cucu akamwambia Zacharia ainame, kwa kuwa yeye hakuweza kuinama, akamtemea mate kifuani.