Kabla Kiti Hakijaenda Kivaa

Kasyoka alikuwa amesema neno moja na hakulirudia: kiti cha marehemu mumewe hakitoki nyumbani mpaka ashike kingine kama hicho. Desturi ya ukoo wao ilikuwa wazi. Kiti cha mwanamume humfuata ndugu yake, na Kitonga, mdogo wa marehemu, angekuja Jumamosi kutoka Kivaa kukichukua.

Kazi ya kutengeneza kingine ikamwangukia binti ya Kasyoka, Nthambi, ambaye huchora vitu kwa kompyuta katika karakana moja mjini Machakos ili mashine ivichonge. Alikwisha kupiga kiti picha pande zote na kutoa mchoro wake. Tatizo lilikuwa ukingo. Marehemu baba yake, Mzee Nzomo, alikichonga baada ya kuumia nyonga, akalielekeza bonde la kukalia upande wa kulia, na ukingo wa upande huo ukabaki mwembamba kama ganda la kibuyu. Kisu cha mashine kingeupasua. Ilibidi uongezwe unene kwa chini, na bonde lisiguswe.

Lakini kila Nthambi alipovuta ukingo, bonde lilikwenda nao. Akavuta, akarudisha. Akavuta tena.

"Ongeza mafundo hapo," akasema Winfred, mwenzake wa meza ya pili. Mafundo ni alama zinazougawa uso wa mchoro vipande vipande. Yakiwa machache, ukigusa mahali pamoja, pengi hufuata.

"Nikiongeza nitakuwa nimembadilisha."

"Umembadilisha nani? Hiyo ni kiti."

Winfred akakumbuka msiba, akainuka. "Pole, dada. Songa kidogo nikuonyeshe."

Aliongeza mafundo kando ya ukingo, kisha akalaza mchoro wa zamani juu ya mpya. Ukalala sawasawa, hapakuwa na nafasi hata ya unywele.

"Umeona? Kuongeza hakusogezi kitu. Ni kama kupiga mstari wa chaki kwa mbao. Mbao iko vile ilikuwa."

Nthambi akavuta. Ukingo ukanenepa, bonde likatulia pale pale baba yake alipoliacha.

Furaha nayo ina upofu wake. Winfred alipokwenda kunywa chai, Nthambi aliongeza mafundo kila mahali, miguuni, chini, kila pembe, kana kwamba anamfunga mzee asiondoke. Mchoro ukawa mzito, kompyuta ikaganda.

"Ulikuwa unachora kiti ama unafuma sweta?" Winfred akauliza aliporudi.

Wakaanza kuyatoa. Mengi yalitoka bila uso kutikisika, maana hakuna aliyekuwa amevuta kitu hapo. Walipofika karibu na ukingo, kompyuta ikaonya kwamba fundo lile likitolewa, umbo litahama.

"Hilo liache," Nthambi akasema.

Jumamosi walipomaliza maombi, kiti kipya kikawekwa mbele ya Kasyoka. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini kila juma kwa miaka mingi alikuwa amekipaka cha zamani mafuta kwa kiganja. Nthambi alisimama mlangoni, asiweze kukaa.

Kiganja kikaingia bondeni, kikateremka kulia, kikapanda mpaka ukingoni. Hapo kikasimama.

"Hapa pamenenepa."

"Kwa chini tu, mwaitu," akamjibu mamake. "Ili pasipasuke."

Kiganja kikarudi juu, kikalizunguka bonde polepole.

"Nilimwambia hata yeye patapasuka," Kasyoka akasema. "Akaniambia niende nipike."

Kitonga akacheka mpaka akajifuta macho. "Shemeji, na mimi nikifa mtanipima hivi?"

"Wewe umechonga nini? Hata mpini wa jembe ulikushinda."

Kisha Kasyoka akakivuta kiti kipya karibu na goti lake, na kile cha zamani akakisukuma taratibu kwa mguu kuelekea kwa Kitonga.

"Haya, beba. Na mafuta usisahau."

Nthambi akaketi.