Sentimita Kumi na Tano Kila Upande

…na mstari wa saba ndio huo, Papa Herménégilde, msanifu, ameuwekea kidole, kina vumbi la saruji mpaka ndani ya kucha, “Raïssa, hapa weye unaandika nani? Jina yako ao jina yangu?” na kalamu iko mkononi mwangu, karatasi ya kugawana kazi iko juu ya mfuko wa saruji kwa sababu nyumba hii ya Mama Wema bado haina meza, haina milango, ina kuta tu, na mimi kuta sizipendi tena, nikiingia mahali nazigusa kwanza kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto… mistari sita niliiandika bila shida, msingi wa msanifu, paa la msanifu, ngazi za msanifu, rangi zangu, mapazia yangu, taa na makabati yangu mimi mpambaji, lakini wa saba unauliza ni nani anayeamua kutoboa ukuta, ni nani anayeamua kutanua uwazi wake, na Mama Wema anacheka pale dirishani, ziwa linang'aa nyuma yake, “Watu wawili wenye diplome, karatasi moja inawashinda, nilete shehe awafungishe ndoa?” anataka tucheke, nacheka, meno tu… anataka sahani za harusi ya mama yake zionekane tangu mlangoni, kabati la mita moja na sentimita arobaini na sita, kwa nini liwe arobaini na sita, kwa nini liwe sawasawa na lile la nyumba tuliyojenga Kimanga mwaka jana, uwazi ule ulikuwa mita moja na ishirini na mhimili wa zege juu yake umelala juu ya tofali sentimita ishirini kila upande, ishirini, nakumbuka kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa, na kabati halikuingia, na Papa Herménégilde alikuwa barabarani, anashuka kutoka Bukavu, nilimpigia mara moja, ikakatika, sikupiga tena, ningeweza kupiga tena, vidole vilikuwa vyangu, simu ilikuwa na moto wa kutosha kwenye betri, nikamwita Patient, fundi wa Luberizi aliyekuwa akiimba huku akichanganya mchanga, nikamwambia ongeza kumi na tano kila upande, akaacha kuimba, akaniuliza, “Mukubwa anajua?” nikasema, “Anajua”… neno moja. Zikabaki tano. Zege lote lile juu ya sentimita tano za tofali, na kesho yake asubuhi Patient alikuwa chini yake anapiga lipu, nilisikia kwanza mkwaruzo, mdogo, kama mtu anayesogeza kiti chumba cha pili, kisha mhimili wote ukamwangukia, na mkwaruzo ule naendelea kuusikia, nausikia sasa… “Raïssa, unanisikia?” namsikia, “Minye tangu ile nyumba ya Kimanga sitaki tena kazi bila karatasi, kila mtu ajue kazi yake,” ndivyo anavyosema, na msibani alisema vingine, alisimama mbele ya Noella, mke wa marehemu, akasema fundi alipima vibaya, na watu wakatikisa vichwa, mmoja akaongeza kwamba labda alikunywa, Patient ambaye hakuwa akigusa bia, hata Primus, na mimi nilikuwa nyuma, mita ya kupimia iko kwenye mkoba wangu, nikaufunga zipu… lakini ngoja. Ngoja. Jioni ile, kabla ya asubuhi ile, Papa Herménégilde alipita, alifika na vumbi la safari kwenye kola, akasimama mbele ya uwazi, akapandisha mkono chini ya mhimili, akaupitisha polepole, kushoto, kulia, akaniangalia, akasema, “Kabati imeingia vizuri,” akaenda zake, na mimi nikalala usingizi, nikasema kama kuna ubaya angesema, yeye ndiye wa kuta, na yeye labda alisema moyoni kama Raïssa ametanua basi Raïssa anajibu, mtu anayeona tofali limepinda sentimita mbili akiwa juu ya pikipiki, asione tano? aliona, aliona, na kati yake na mimi, mahali ambapo hapakuwa na jina la mtu, tulimwacha Patient asimame… kwa hiyo msibani tulikuwa wawili, na karatasi hii si ya Mama Wema hata kidogo, Papa Herménégilde ananiuliza kitu kingine, natazama kidole chake juu ya mstari wa saba, kumbe hakijasogea hapo tangu mwanzo… nitaandika, lakini kabla ya hapo nitasema, hapa, mbele ya Mama Wema, asikie, na kesho nipande gari mpaka Luberizi, nikae kwa Noella, nimwambie mume wake alipima vizuri, alipima kile alichoambiwa na mimi, anifukuze akitaka, watoto wake wasikie… “Andika basi, binti yangu, jua linazama,” Mama Wema, na Papa Herménégilde, taratibu, “Weye unaandika nani?” kalamu haijagusa karatasi, ukuta umesimama, na Patient ameacha kuimba, ananiuliza tena, mukubwa anajua? Anajua, Patient. Safari hii si uongo.