Kuaga kwa Siku Kumi

Gisubizo aliponitumia tiketi ya ndege ya kwenda Italia, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kugawa sufuria yangu kubwa.

Sikufikiri. Mikono ilitangulia. Nilikuwa jikoni kwangu Shively, pembeni mwa Louisville, simu iko mezani, na binti yangu anazungumza kutoka Columbus anakoishi.

"Mama, ni siku kumi tu. Roma, Firenze, vijiji vya baharini, Napoli, Sorrento. Ni zawadi yako. Umewatunza wazee wa watu miaka kumi na moja bila kupumzika."

"Tunaenda kumwona nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Tunaenda kuangalia tu."

"Kuangalia nini?"

"Italia!"

Nina miaka hamsini na tisa, na safari zangu zote zilikuwa na sababu moja: tulipotoka hapakukalika. Tulitoka milimani, Kivu ya Kusini, tukaingia kambini Burundi. Kutoka Burundi ndege ikatuleta Amerika. Safari ya kuangalia tu sikuijua. Jioni hiyo, kwenye darasa letu la watu wazima, nilimwuliza mwalimu mtalii hufanya nini hasa. Alifikiri kidogo, akasema, "Anaenda mahali, halafu anarudi nyumbani." Niliandika kwenye daftari. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi nikiwa kwenye basi. Macho yalisoma "anarudi", lakini moyo haukuliona hilo neno.

Kambini, mtu akipata ndege hakuanza na kufunga mizigo. Alianza kugawa: sufuria, godoro, jerikani. Kisha alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba msamaha, kwa sababu aliyepanda ndege hakuonekana tena. Ndivyo tulivyoishi. Kwa hiyo sufuria nilimpelekea Agata, jirani yangu tunayesali naye. Alitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Ni ndege?" aliuliza.

"Ni ndege."

Akaipokea kwa mikono miwili na machozi, kama inavyotakiwa. Hakuuliza zaidi. Jumapili wamama wa kanisa waliniwekea mikono, wakaimba. Na mimi nikiwa nimepiga magoti katikati yao, jina la dada yangu likaja moyoni wazi kabisa. Mukabutera. Nikajua siwezi kupanda ndege ya pili bila kumuaga.

Mukabutera ni dada yangu mkubwa, namwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Siku ile ya ndege ya kwanza, basi la kutuchukua kambini lilikuja Jumanne badala ya Ijumaa. Yaya alikuwa hospitali na mtoto. Nilikuwa na saa moja tu. Niligawa vitu ovyo, na kibuyu cha maziwa cha Mama yetu, kitu pekee tulichotoka nacho milimani, nikampa jirani aliyeitwa Adolphine. Nikaondoka. Yaya aliporudi alikuta nyumba yangu tupu, na kibuyu cha Mama kwa Adolphine, kimejazwa chumvi ya kupikia. Miaka minne baadaye naye alifika Amerika, wakampeleka Buffalo. Hakunitukana hata mara moja. Tulipokutana kwenye misiba alinisalimia kama unavyomsalimia mtu wa ofisini.

"Masaa matano kwenda tu!" Gisubizo alilalamika nilipofika kwake Gahanna, pembeni mwa Columbus, kwa basi, nikamwomba anipeleke Buffalo. "Mpigie simu, Mama!"

"Mtu haagi kwa simu."

Akanipeleka. Ilikuwa Aprili, lakini Buffalo theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara. Gisubizo alinishusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Nilipanda ngazi peke yangu.

Yaya alifungua, akachungulia nyuma yangu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Yaya. Nimekuja kuaga. Ndege ni Jumatano."

Alishika mlango. "Ndege ya wapi?"

"Italia."

"Italia!" Akanivuta ndani, akanikalisha. "Bon, haya. Kumbe na hii Amerika imetuchoka. Watawaweka wapi huko?"

"Sijui bado. Gisubizo ndiye mwenye karatasi."

Hilo lilikuwa kweli. Sikujua jina la hoteli hata moja. Lakini palepale niliona alivyoelewa, nikafungua mdomo nimsahihishe. Nikachelewa. Yaya alikuwa ameshuka kutoka kwenye kiti, magoti yake mabovu yako kwenye zulia, amenishika mikono yote miwili.

"Safari ile hukuniaga," alisema. "Leo umekuja. Imekwisha, Kanyana. Na wewe unisamehe. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisali nikiwa nimekuchukia. Sijui Mungu alikuwa anasikia nini."

Nililia. Alilia. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kibuyu cha Mama.

"Nilimsumbua Adolphine miezi mitatu mpaka akanirudishia. Nimekiosha mara mia, bado kina chumvi. Nenda nacho. Usikae ugenini bila kitu cha Mama."

Nilikipokea. Mungu wangu anajua kwamba nilikipokea. Gisubizo alipoingia alitukuta tumekumbatiana, akafikiri ni mambo ya zamani, akala ugali, akasinzia kwenye kochi. Wala mimi sikusema kitu njia nzima mpaka Columbus.

Sasa niseme nilichoona Italia, ingawa mpaka leo sijui nilikiona vipi.

Roma tulimfuata msichana aliyebeba mwavuli mwekundu uliofungwa. Watu thelathini wazima, nyuma ya mwavuli. Alitupeleka kwenye majumba yaliyobomoka, na watu walikuwa wamepanga foleni kuyapiga picha. Milimani kwetu nyumba zilizobomoka ni nyingi, na hakuna aliyewahi kuja na kamera. Tuliingia kanisa kubwa kuliko uwanja wa mpira. Nikapiga magoti niombe, mlinzi akanigusa bega: nisonge, watu wanapita. Nikasonga. Nikaanza upya kwenye nguzo nyingine, akanifuata. Sikuelewa kama tulikuwa kanisani au sokoni, nikamaliza maombi yangu nikitembea.

Yaya alipiga simu siku ya pili. "Wamekupa nyumba?"

"Tuko hotelini."

"Ah, hiyo ni ya mpito. Vumilia."

Siku ya tatu tulikuwa Firenze. "Mbona wamewahamisha?" aliuliza Yaya.

"Ndivyo walivyopanga."

"Chakula?"

"Kipo. Kingi."

"Kula, usidharau. Na usigombane na mtu mwenye orodha."

Mtu mwenye orodha alikuwa yule msichana wa mwavuli. Kila asubuhi alituita majina kabla hatujapanda basi, na kila asubuhi, aliposema "Kanyana", nilisimama haraka, kibuyu kiko kwenye mfuko begani, karatasi zangu zote kifuani. Gisubizo alinicheka. "Mama, hawatakuacha!" Wenzetu walivaa kaptula na kofia, mikono mitupu. Sikujua wanawezaje kutembea ugenini bila karatasi zao kifuani.

Siku ya tano tulifika Monterosso, kijiji cha baharini, nyumba zimepakwa rangi ya embe na ya waridi, zimebanana juu ya mwamba. Watu wamelala mchangani mchana kweupe, wala si wagonjwa. Gisubizo alinikalisha kwenye meza ya nje, akaagiza tambi na kamba wa baharini, sahani mbili kubwa, kisha akaenda kupiga picha. Nilikuwa sijaombea chakula bado Yaya alipopiga simu. Kwao ilikuwa asubuhi. Sauti yake ilikuwa dhaifu.

"Wapi leo?"

"Kijiji kingine. Kiko baharini."

"Wamewahamisha tena!" Alivuta pumzi. "Sikiliza, usilie. Wamama wa hapa tumeanza kufunga tangu juzi. Siku tatu, bila chakula. Tuko kumi na wawili. Tunamwomba Mungu wakuweke pahali pamoja."

Nilitazama ile sahani. Kamba walikuwa wananitazama na macho yao meusi.

"Yaya," nilisema, "kula."

"Nini?"

"Kula, Yaya. Waambie wote wale. Hakuna nyumba ninayotafuta. Jumamosi ninarudi."

"Wamewakataa?"

"Hapana. Ni matembezi. Watu wanakuja huku kuangalia, halafu wanarudi kwao. Siku ile kwako niliona umekosea, nikanyamaza. Nilitaka umalize kwanza yale uliyokuwa ukisema. Halafu nikashindwa."

Nilisikia friji yake ikinguruma, kule Buffalo.

"Donc," alisema mwishowe, "kumbe ulichukua msamaha wangu ukaenda nao kuangalia bahari."

Akakata.

Gisubizo alinikuta nimekaa ukingoni mwa maji, viatu miguuni, mfuko mapajani. Wimbi lilikuwa limenilowesha mimi na mfuko. Nilimweleza yote. Alikaa chini kando yangu kwenye mchanga uliolowa.

"Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Alikuwa amepiga magoti."

Alinivua viatu, akamwaga maji yaliyokuwamo.

Siku zilizobaki nilipiga simu Buffalo asubuhi na jioni, haikupokelewa. Kutoka Napoli walitupeleka kwenye mji uliofunikwa na majivu zamani sana, chini ya mlima wa moto kama ule wa Goma. Nilimwuliza msichana wa mwavuli watu wa mji huo walihamishiwa wapi. Akanieleza kwamba wengi hawakuhama. Nikatazama mawe ya barabara yao, mashimo ya magurudumu, jiko la mkate. Walikuwa nyumbani na walikuwa hawajaaga mtu. Sorrento sikumbuki sana, ila malimau makubwa kama kichwa cha mtoto. Nilikuwa naomba jambo moja tu: Bwana, msamaha uliotolewa kwa makosa, ni msamaha bado? Au nimeubeba bure kama hiki kibuyu nisichopaswa kuwa nacho? Niliomba hata kwenye ngazi za ndege.

Tulitua Columbus Jumamosi. Jumapili mchana tulikuwa Buffalo. Gisubizo alikuwa amechoka mpaka macho mekundu, lakini safari hii hakusema neno kuhusu simu.

Yaya alifungua akiwa bado na nguo za kanisani. Alisimama mlangoni, akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni, kama mtu anayehesabu kama vyote vipo.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, Yaya."

Alinigusa mkono kwa kidole, akakiondoa. "Nimeaga watu tangu milimani. Waliopanda magari, waliopanda ndege, waliokwenda kuteka maji tu. Hakuna aliyerudi akasimama hapa mbele yangu. Wewe ni wa kwanza. Sijui mtu wa hivyo anapokelewa namna gani. Sijui nikukasirikie ama nikupikie."

"Shangazi—" Gisubizo alianza, kisha akakumbuka. "Mama mkubwa, ungeanza na kupika."

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye ulitengeneza hii safari isiyo na kichwa." Lakini alisogea, tukaingia.

Nilitoa kibuyu mfukoni, nikampa kwa mikono miwili. Alikigeuza. Kulikuwa na alama nyeupe kwenye ganda lake, pale bahari ilipokaukia. Yaya alipitisha kidole, akaonja.

"Chumvi tena!"

"Ni ya Italia."

Alikunja uso, mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, na hakupenda nimwone, akakimbilia jikoni na kibuyu chake. Tulikula. Hakuzungumza nami sana, aliniuliza tu kama ni kweli watu wanalala mchangani mchana, nikasema ni kweli, akasema, "Hawana watu wao?"

Jioni tulisimama kuondoka. Yaya alitangulia mlangoni, akaziba njia.

"Niage vizuri. Unaenda wapi?"

"Louisville."

"Kukaa?"

"Kukaa."

"Utarudi lini?"

Nimeaga watu wengi na wengi wameniaga mimi, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Gisubizo alitoa simu, akatafuta, akasema Jumamosi ya mwisho ya Mei. Yaya alichukua kalamu, akaandika kwenye kalenda ya kanisa iliyobandikwa kwenye friji.

"Wale wamama kumi na wawili walishinda njaa kwa ajili yako," alisema akiwa ametugeuzia mgongo. "Utawapikia wewe, kwa mikono yako. Kisha utasimama uwaeleze. Sufuria zangu ni ndogo. Uje na yako kubwa."

Barabarani, Gisubizo aliniuliza, "Sasa amekusamehe?"

"Sijui," nilisema. "Amesema nilete sufuria."

Tulikuwa tumeshapita Erie nilipokumbuka sufuria iko kwa Agata, niliyomwachia na machozi. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kwenda kuomba arudishiwe alichogawa siku ya ndege. Hata maneno ya kusema sina. Nikainamisha kichwa nikaanza kuyaomba kwa Mungu.