Sekunde Thelathini na Tano za Mama Chokaa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshtakiwa, na aliyenishtaki ni Dakika Moja.

Alikuja mwenyewe chumbani, akavuta stuli, akakaa. Mtu mfupi, suti ya kijivu, mguu mmoja umefungwa bendeji pajani na chini ya hapo hakuna kitu.

"Mwamuzi Mlowe," akasema, "Jumamosi ulinikata."

"Nilikukata wapi?"

"Kwenye sekunde ya ishirini na tano. Thelathini na tano zilizobaki sijui ziko wapi. Natembea kwa kurukaruka, kama unavyoniona."

Kweli nilimkata. Jumamosi jioni, pale uwanja wetu wa kata, Makambako, kabla Seremala FC hawajacheza na Viazi Stars, tulisimama kumkumbuka marehemu Mama Chokaa. Jina lake hasa Eufrazia Mgimba, lakini hilo nililisikia mara ya kwanza padri alipolisoma kaburini. Miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyechora mistari ya uwanja ule, kopo la chokaa mkononi, kitenge kiunoni. Na mimi, saa ilipofika sekunde ya ishirini na tano, nikapuliza filimbi. Sisi waamuzi wa madaraja ya chini ndivyo tulivyozoea. Dakika ya ukimya kwetu haijawahi kufika hata nusu. Wingu limefunga, watu wanapiga miluzi, basi, fyuu, mpira uanze.

"Kamati imeamua irudiwe," akasema Dakika.

"Mechi nzima?"

"Mechi mlicheza vizuri tu. Kinachorudiwa ni ukimya."

Nikainuka kitandani, na kitanda kumbe ndicho duara la katikati. Juu nimevaa jezi nyeusi ya uamuzi, chini bukta ya kulalia. Timu zote mbili zimejipanga. Mashabiki wamejaa mpaka juu ya mabehewa ya treni yaliyoegeshwa nyuma ya goli. Na pale pale katikati amesimama Mama Chokaa mwenyewe, sketi ya Jumapili, kapu mkononi, kama mtu anayesubiri basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fanya upesi kidogo, wenzangu wameshatangulia."

Nikamnong'oneza Dakika, "Kwani hajaondoka?"

"Ataondokaje na kaagwa nusu? Ukishindwa leo atabaki hapo hapo, na kila Jumamosi mtakuwa mnacheza mpira mnamzunguka."

Nikamtazama yule mama na kapu lake. Roho iliniuma, jamani. Nikapuliza filimbi.

Kimya.

Mbuzi akalia kwenye kona. Nikamwonyesha kadi ya njano, akaipokea bila kubisha, akaitafuna. Upepo ukapiga bati la kibanda. Njano. Ukapiga tena. Nyekundu. Upepo ukatoka nje ya uwanja ukiburuta miguu, ukapita kwenye benchi bila kumpa kocha mkono.

Naitazama saa. Sifuri. Naitikisa. Sifuri.

"Haijafa," akasema Dakika, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha kuongea. "Inasogea mtu anapomkumbuka. Mkisimama hapo mnawaza chipsi, itakwenda wapi?"

Wachezaji wakainamisha vichwa, safari hii kweli kweli. Mbele ya kipa wa Viazi nukta nyeupe ikajichora yenyewe kwenye nyasi: kila mechi Mama Chokaa alimwekea alama ajue katikati ya goli ni wapi. Saa ikasogea sekunde tisa. Mbele ya muuza karanga yakajichora mabuti: alimwazima ya kwake mwaka ule wa matope. Zikaongezeka kumi na tano. Hata mbuzi alikumbuka alivyofukuzwa kwa kopo. Sekunde moja. Ikafika ishirini na tano, ikagoma.

"Zilizobaki ni zako," akasema Dakika.

Nikakumbuka mistari yake iliyonyooka. Saa haikusogea. Nikakumbuka weupe wake kwenye nyasi baada ya mvua. Wapi!

"Hicho unachokumbuka ni chokaa," akasema Dakika. "Nimesema mama."

Nikafumba macho. Nilipofumbua nimo ndani ya stoo ya chokaa, nimejikunja katikati ya magunia, na nje watu wanapiga kelele. Nikajua ni siku gani.

Miaka tisa iliyopita niliwapa wageni penalti, dakika ya themanini na tisa. Watu wakaingia uwanjani na mawe. Mama Chokaa akanisukumia stoo, akafunga mlango, akakaa pale nje. Sasa namsikia tena: "Refa? Kavuka reli huyo! Kimbieni, mtamkuta!" Jiwe moja lilimpata juu ya jicho. Wiki iliyofuata nilimkuta na plasta usoni, nikamwambia mstari wa goli la kusini umepinda. Basi. Asante sikusema. Niliona aibu, nikaahirisha, nikaahirisha tena, mpaka tukamzika.

"Mama," nikaita kupitia mlango, halafu nikajionyesha mwenyewe kadi ya njano kwa kuvunja ukimya. "Asante. Ulinificha, nikarudi nyumbani, nikawaona wanangu. Asante sana, mama yangu."

"Haya," akajibu kutoka nje. "Sasa niambie. Ile ilikuwa penalti kweli?"

Nimeapa mbele ya kamati mbili kwamba ilikuwa penalti.

"Hapana, mama."

"Nilijua. Ule mstari niliuchora mwenyewe asubuhi. Yule kijana alianguka hatua mbili nje ya boksi."

"Na bado ukanificha?"

"Sasa we, ningekuacha wakuue kwa hatua mbili?"

Nikacheka, na machozi yakanitoka pale pale, na saa ikaanza kukimbia. Thelathini. Arobaini na mbili. Mlango ukafunguka. Mama Chokaa akanipa mkono, kucha bado zina weupe, akachukua kapu lake, akaondoka akifuata mstari wa pembeni bila kuukanyaga. Nilisimama wima nikimtazama, na sikuwaza kitu kingine chochote. Hamsini na nane. Hamsini na tisa.

Dakika Moja akajitazama miguu yote miwili, akakunja bendeji yake vizuri, akaiweka mfukoni. Filimbi ikajipuliza yenyewe.

Nikaamka. Kumekucha. Mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, ananikodolea macho.

"Baba Ombeni, u mzima?"

"Mzima. Kuna nini?"

"Hata sijui nisemeje. Mashine ya kusaga imenyamaza. Majogoo wamenyamaza. Hata wewe, na kukoroma kwako kote huko, umenyamaza. Nikasema huyu ameniachia watoto. Nikakuwekea kidole puani huku naitazama saa ya ukutani."

"Muda gani?"

"Dakika moja."

"Nzima?"

"Nzima. Halafu vyote vikaanza kwa pamoja."

Nikamsogezea mto.

"Kaa vizuri, Mama Ombeni," nikamwambia. "Nikwambie kwa nini una mume mpaka leo."