Kuni Mbele ya Gari

Kila mwaka mzee Alcide Ouellette alianza kuifunga nyumba kwa mlango wa mbele. Aliuziba kwa nailoni nzito upande wa nje, akaipigilia vipande vya mbao pembeni, kisha akarundika matawi ya msonobari kwenye kizingiti mpaka usawa wa goti. Kuanzia siku hiyo hadi theluji iyeyuke, mlango ule haukuwa mlango tena, hata mgeni angekuwa padri. Watu wa bonde lile la kaskazini mwa Maine hufunga nyumba zao kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu, ila safari yenyewe hakuna. Mzigo unakaa palepale, na wao wamo ndani.

Rolande, bintiye, ndiye aliyeishika nailoni.

"Vuta vizuri," mzee alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Unaishika kama itakuuma."

"Nimevuta, Baba."

"Umevuta kama mtu wa mjini."

Mtu wa mjini alikuwa kweli, zamani. Alirudi kumzika mama yake, mwishoni mwa mavuno ya viazi, akiwa na begi moja na viatu visivyofaa kwa matope. Akasema atakaa mpaka baba yake azoee upweke. Theluji ikamkuta. Ilipoyeyuka, kukawa na viazi vya kupanda. Vilipopandwa, kukawa na vya kuvuna. Vilipovunwa, kukawa na nyumba ya kufunga. Hivyo hivyo mwaka ukaangukia mwaka, na sasa Rolande alikuwa na mvi za kutosha, na mikono yake ilijua kazi zote za pale bila kumuuliza.

Lakini mwaka huu alikuwa na siri. Rafiki yake Ghislaine alikuwa na duka la mikate kule kusini, pwani, na juu ya duka palikuwa na chumba kitupu. Alimtaka Rolande kazini Jumatatu asubuhi. Asipotokea, nafasi ingekwenda kwa mpwa wa mume wa Ghislaine, msichana ambaye kila mtu alijua ni mvivu lakini yupo. Rolande aliapa moyoni kwamba hatokosa. Ila aliamua kumwambia baba yake nyumba ikishafungwa yote, asije akasema ameachwa na madirisha wazi. Alijiona mwerevu sana kwa mpango huo. Hakuona kwamba kila msumari alioupigilia ulikuwa unamfungia yeye.

Baada ya mlango zikafuata kuta. Walizungusha matawi ya msonobari chini ya nyumba yote ili upepo usipenye sakafuni, wakatoa maji kwenye mabomba ya bustani, wakashusha viazi na karoti kwenye stoo ya chini ya nyumba. Kisha ikaja zamu ya ghorofa. Kwa ajili ya kubana joto, vyumba vya juu hufungwa wakati wote wa baridi, na kitanda cha Rolande huteremshwa kwenye kijichumba kando ya jiko, ambamo zamani mama yake aliweka unga. Kijichumba kile hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulifunguka jikoni, mbele kabisa ya kiti cha mzee, kwa hiyo hata kwenda chooni ilibidi umpite akuulize unakwenda wapi.

Siku mbili nzima Rolande alikuwa juu, akiziba madirisha. Kutoka uani alisikia kuni zikigongana, ko, ko, ko, na akajua mzee anazipanga ukutani mwa jikoni kama kawaida. Alimhurumia hata. Alifikiri: akishuka atampikia chapati za ngano nyeusi, na wakishakula atamwambia.

Jumamosi mchana alizima taa ya ghorofa, akaubana mlango wa ngazi kwa blanketi kuukuu, akachukua boksi la nguo zake na kutoka kwa mlango wa jikoni, ili alitangulize garini kabla hajazungumza. Ukutani hapakuwa na kuni hata moja. Alivuka uwanja hadi ghalani, alikokuwa ameliacha gari lake, akasimama.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na ukuta. Kuni zilipangwa kutoka sakafuni hadi karibu na boriti, upande hadi upande, safu nyuma ya safu, kwa unadhifu ule wa baba yake usioruhusu hata panya kupita. Gari lake lilikuwa nyuma ya hizo kuni.

Mzee Alcide alikuwa ameketi juu ya gogo la kupasulia, akifuta jasho.

"Baba. Gari langu liko wapi?"

"Ndani. Umeliacha na funguo, nikalisogeza mpaka mwisho. Hawa wa barabara wakianza kumwaga chumvi yao ya kuyeyusha theluji, litaliwa bodi lote. Nimekutunzia."

"Na litatoka vipi?"

"Kwani tunachoma nini wakati wa baridi? Tutaanza hizi za mbele. Mpaka theluji inayeyuka, tutakuwa tumelifikia."

Rolande aliliweka boksi chini. Alijiona kama amekalishwa yeye mwenyewe nyuma ya zile kuni, gizani, na joto la nyumba likila safu moja moja kumfuata.

"Ninaondoka, Baba. Jumatatu nina kazi kwa Ghislaine. Nilitaka kukwambia leo."

Mzee hakushtuka. Alikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni. "Alipiga simu ulipokuwa juu," akasema. "Mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, yule. Akasema nikwambie chumba kimepakwa rangi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukapanga kuni."

"Kuni lazima zipangwe mahali."

Rolande alisogea kwenye ukuta wa kuni. Alichomoa kuni ya juu, akaitupa uani. Akachomoa ya pili. Alifanya kazi kwa hasira, bila glavu, na alipokuwa ametoboa shimo la kutosha kupitisha kichwa, alisikia ko, ko nyuma ya bega lake. Mzee alikuwa anaziokota alizozitupa na kuzirudisha kwenye safu, upande wa pili. Hakuwa na haraka. Rolande akaongeza mwendo. Mzee akaendelea na wake uleule. Mwanamke mzima na baba yake, wakitokwa na jasho, na ukuta usipungue wala kuongezeka. Angekuwepo jirani wa kuwaona, angecheka mpaka Pasaka.

"Unanifanyia hivi kwa sababu gani?" Rolande aliuliza.

"Kwa sababu naogopa," mzee alisema, akapanga nyingine.

Giza likaingia, na mikono ya Rolande ilikuwa inavuja damu. Alilala ndani ya kijichumba cha unga bila kuvua nguo zake za kazi. Alisikia baba yake akikohoa nje ya mlango, na akalia kimyakimya, maana hata kilio kilikuwa hakina pa kwenda.

Asubuhi theluji ilikuwa imeanguka, ya kwanza mwaka huo na nzito. Njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani haikuonekana. Mzee Alcide alivaa buti, akawasha pikapu, akaenda kulifuata jembe la theluji, lile bati zito la chuma linalofungwa mbele ya gari kusukuma theluji. Rolande alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alimwona akisimama mlangoni mwa ghala, akiinamisha kichwa, akikaa hivyo muda mrefu.

Akatoka nje kumfuata. "Kuna nini?"

"Jembe," mzee alisema. "Liko nyuma ya gari."

Rolande alicheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka mpaka akashika ukuta. Mzee mzima aliyefunga nyumba maisha yake yote bila kusahau hata bomba, amejijengea ukuta mbele ya jembe lake mwenyewe. Katika bonde lile, afadhali mtu aonekane bila suruali kuliko njia yake kutolimwa theluji mpaka saa za misa.

"Cheka," mzee akasema. "Cheka, halafu uvae glavu."

Walizitoa pamoja, safari hii zote upande mmoja. Ilipokaribia adhuhuri Rolande aliingia garini mwake, akalirudisha nyuma hadi uani, akaliacha likiunguruma. Kisha wakalifunga jembe. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anasogeza pikapu taratibu, mwingine anapiga magoti kwenye theluji, na matundu yakilingana anapitisha vyuma. Rolande alipiga magoti. Alipokuwa anakisukuma chuma cha mwisho ndipo alipofahamu. Magoti ya baba yake hayakunjiki tena. Jembe hili hufunguliwa kila theluji ikikoma, hufungwa kila ikianza, na hakuna mwingine wa kulifunga. Kumbe nyumba ilikuwa bado na mlango mmoja wa kumfungia.

Mzee alizima injini, akashuka. Alimkuta bado amepiga magoti.

"Limeshika?"

"Limeshika."

"Basi sitalifungua. Nitatembea nalo hivi hivi, dukani, kanisani, mpaka theluji iishe. Watanicheka." Aliligonga lile bati kwa buti. "Likishafungwa mara moja, halihitaji mtu wa pili."

Rolande alijaribu kusema kitu, lakini mzee alikuwa ameshapanda. Aliilima njia yote hadi barabarani, akarudi akipanua kingo zake kwa uangalifu, kama afanyavyo siku ya harusi au mazishi.

Rolande alilipakia boksi lake, akamkumbatia baba yake, naye akamwambia aendeshe taratibu kwenye kona ya kanisa. Alipofika barabarani alitazama kwenye kioo. Mzee alikuwa ameshaanza kuzirudisha kuni ghalani, ila sasa alizipanga ukutani, kushoto na kulia, na katikati aliacha nafasi ya upana wa gari.

Rolande aliiona vizuri. Akakata kona kuelekea kusini.